Anteni ya Kitanda cha Chuma

Mwaka ule ambao serikali ilisema makao makuu yatahamia Dodoma, sisi wa kota za reli pale Kilosa tulikuwa na tangazo letu dogo: hakuna waya wa redio kuonekana nje ya nyumba. Si juu ya bati, si mtini, si dirishani. Aliyetangaza ni Melkizedek, mnyapara wa kota, na sababu yake ilikuwa radi. Alisema waya unaita radi kama mtu anavyoita kuku kwa mtama.

Waya wake mwenyewe ulibaki. Ulikuwa mrefu kuliko wote, umefungwa kwenye mlingoti nyuma ya nyumba yake, na inaonekana radi ilikuwa haijui njia ya kwake. Nilipomwuliza, akasema ule ni waya wa kazi.

Mimi Bibiana wakati huo nilikuwa kijana bado, mke wa Timotheo, gadi wa treni ya tawi la Mikumi. Kwetu ni Mamboya, milimani, nilikosoma mpaka darasa la nne shule ya misheni nikaishia hapo. Tulikaa chumba namba sita. Kota ilikuwa nyumba moja ndefu kama behewa, vyumba vimepangana, na ukuta kati yangu na jirani yangu Siwema ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akikohoa namwambia pole bila kupaza sauti. Treni ya Mikumi ikiondoka ilirudi ilipopenda. Leo tembo wamesimama relini, kesho mvua imekula tuta. Kwa hiyo siku nyingi nilikuwa peke yangu na redio.

Redio yenyewe ilikuwa ya betri, kasha la mbao, na chini ya yale mabati haikusikia kitu bila waya wa nje. Baada ya katazo, redio zote za kota zikageuka mapambo. Watu wakazifunika vitambaa vya kudarizi, wakaweka juu yake picha za harusi. Jioni, mwenye kutaka habari alikwenda barazani kwa Melkizedek. Hata huko hukusikia redio. Yeye alikaa nayo ndani, sauti ndogo, mlango umerudishwa, kisha akatoka akiwa amefunga mikono nyuma na kutusimulia.

Na mimi kitu nisichokipenda toka utoto ni kusimuliwa. Hata kitendawili nataka nitegewe mwenyewe, nisumbuke mwenyewe, nikishindwa nitoe mji mwenyewe. Wajukuu zangu, mji mnaujua bado? Mtu akikutegea ukashindwa, anakuambia, "Nipe mji." Unampa: Tanga, Bukoba, popote. Akiukataa, unamtafutia mwingine. Akiukubali, anasema alivyofika huko akala akashiba, ndipo anakupa jibu. Nyumbani kwetu Mamboya tulicheza hivyo kila msimu wa mavuno tukipukuchua mahindi, na wazee walikuwa wakali kwa mji kuliko kwa mahindi.

Sasa kitanda. Chetu kilikuwa cha chuma, kizito, cha spring, chenye nguzo nne zilizo wazi ndani kama bomba. Ndani ya nguzo hizo zinaingia fito za chuma za kuning'inizia chandarua, unaweza kuziinua au kuzishusha. Timotheo alikinunua kwa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao.

Siku ya kukata nyaya, Melkizedek alipita mlango kwa mlango na koleo. Kwangu aliukata waya pale dirishani. Kipande cha nje akakikunja akaondoka nacho. Kipande cha ndani kikaanguka kitandani, kikajinasa kwenye ufito wa chandarua. Redio nilikuwa sijaizima. Ikakoroma, ikakwaruza, kisha mama mmoja akasema wazi kabisa habari za bei ya pamba.

Nikasimama na ufagio wangu mkononi.

Nikainua ufito, pamba ikasikika zaidi. Nikaushusha, pamba ikaondoka. Nikasukuma kitanda kutoka ukutani kuelekea dirishani, yule mama akawa kama amekaa kwenye kigoda changu. Nikacheka peke yangu. Mtu amekuja kuniziba masikio, amenifungulia!

Tangu hapo nikajifunza tabia zake. Asubuhi kilitaka kukaa karibu na dirisha. Jioni kilitaka upande wa kichwani uelekee mlangoni. Mvua ikinyesha, ufito wa miguuni sharti upande mpaka mwisho. Basi kila jioni nilikivuta, nacho kikilia juu ya saruji: krrr, krrr. Redio niliiweka sauti ndogo kwa ajili ya betri. Sikuficha. Ila sikutangaza.

Ningekaa hivyo kwa amani kama si shamba.

Jioni moja barazani Melkizedek alitoka amefunga mikono nyuma kuliko siku zote. "Ndugu zangu," akasema, "redio leo imesema jambo zito. Wake wa watumishi wanaokaa bure kwenye kota watalima shamba la pamoja kila Jumamosi. Asiyelima atarudishwa kijijini kwao. La kwetu sisi litakuwa lile la ng'ambo ya Mkondoa."

Lile la ng'ambo ya Mkondoa tulilijua sote. Lilikuwa na mahindi ya Melkizedek mwenyewe.

Na taarifa hiyo hiyo mimi nilikuwa nimetoka kuisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, mkono mmoja kwenye ufito. Ilisema habari za mbolea, za mgeni aliyetua uwanja wa ndege, na za mpira. Shamba halikutajwa, wala mke wa mtu hakutajwa.

"Ndugu mnyapara," nikasema, "imesema redio au umesema wewe?"

Melkizedek akanigeukia.

"Kwani wewe umesikia wapi, Bi Bibiana?"

"Nauliza tu."

"Basi ulizia jikoni kwako. Redio bila waya wa nje ni sanduku, na sanduku halisemi. Hapa kota anayejua redio imesema nini ni mimi." Akageuka kwa wenzangu. "Nyote mmesikia?"

Wakasema wamesikia. Mimi pia nilisikia, nikayaweka.

Jumamosi wenzangu wakachukua majembe. Siwema akagonga mlango wangu, kanga kiunoni. "Shoga, huendi?"

"Siendi."

"Atakurudisha Mamboya huyu!"

"Anirudishe. Jembe langu halivuki mto kwenda kulima mahindi ya mtu mwenye mikono yake."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ndicho nilichopewa, mwingine sina."

Akaenda akicheka, lakini jioni alirudi na malengelenge na hakucheka tena. Jumamosi ya pili sikwenda. Ya tatu pia sikwenda, na wanawake wawili wakaanza kujisemea wanaumwa mgongo. Hapo Melkizedek akaona nikiachwa nitamwozeshea gunia zima.

Sababu ya kunifukuza akaipata bombani. Siwema hakuwa na ubaya, Mungu anajua. Alishangaa tu kwamba Timotheo yuko Mikumi, na kwangu kila jioni kitanda kinavutwa, kisha mwanamume anaongea kwa sauti nzito, mfululizo, hampi mwenye nyumba nafasi ya kujibu. Redio hakuiwaza. Redio zote zilikuwa sanduku, si tuliambiwa? Akatania kwenye foleni ya maji: "Jamani, huyo mwanamume wa Bibiana anaongea kama anasoma!" Ndoo hazijajaa, maneno yalikuwa yameshafika kwa mnyapara.

Hakuja kwangu kuniuliza. Alijua sisi watu wa milimani ukoo wetu ni wa mama, na mwenye kauli juu ya binti ni mjomba. Akampa salamu dereva wa lori la mahindi azifikishe Mamboya kwa mjomba wangu Lazaro: njoo umchukue mpwa wako, ametia kota aibu.

Mjomba Lazaro akaja. Alishuka kwenye lori Jumapili alasiri, koti limejaa vumbi, na Melkizedek alikuwa ameshapanga mabenchi mbele ya mlango wangu na kuita kota nzima. Mimi nilijua pale tu nilipomwona mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakunitazama. Mtu aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, hakunitazama.

Melkizedek akasimama. "Mzee Lazaro, tumekuita kwa heshima. Mpwa wako anaingiza mwanamume, mumewe akiwa kazini. Mashahidi wapo. Tunaomba afungue mlango tukague chumba, kisha afungashe uondoke naye. Chumba atapewa mtumishi mwenye familia ya adabu."

"Huyo mwanamume yumo ndani sasa?" akauliza mjomba.

"Huja jioni."

"Bibiana, unasemaje?"

Nilikuwa na jibu, neno moja tu. Lakini ningelitoa pale, wangeingia wote, wanaume na viatu vyao, wakakodolea shuka zangu, na Melkizedek mbele yao na koleo. Kesho yake ningekuwa nimerudi barazani kwake kusimuliwa. Nikakaa kizingitini nikanyoosha miguu, mlango ukawa mgongoni kwangu.

"Sifungui."

"Mnaona!" akasema Melkizedek.

"Sifungui, mjomba, kwa sababu hapa si buchani, watu wapite wakitazama na kuchagua. Lakini mwanamume yupo. Sikatai."

Siwema akajifunika uso. Mjomba akanitazama sasa, na macho yake yaliniuma. "Yupo?"

"Yupo, na nitamtaja kwa kitendawili. Bwana mnyapara akikitegua, nafungasha nyote mkiona. Akishindwa, anipe mji kama ilivyo desturi."

Melkizedek akacheka kweli kweli. "Mimi? Kutoka hapa mpaka Munisagara nani aliyenishinda kwa vitendawili? Haya, tega, mama, ujifungashie mwenyewe."

"Kitendawili!"

"Tega!" Kota nzima iliitika. Mjomba naye nilimsikia, mdomo ulimponyoka.

"Mgeni wangu huingia bila kufungua mlango, huongea bila kumeza mate, na ukimfunika kanga haachi kusema."

"Upepo," akasema Melkizedek mara moja.

"Upepo unakuambia nini wewe?"

"Njaa!" mtu akasema kwenye mabenchi.

"Hiyo ya tumboni kwako, nenda ukale."

"Shetani," akasema Melkizedek.

"Huyo ungekuwa umenitajia jina lake, si mnaonana."

Watu wakaanguka kicheko. Siwema tu hakucheka. Alikuwa amesimama ghafla, macho yamemtoka, akautazama ukuta wangu, akanitazama mimi, kisha akajaza kanga mdomoni na mabega yakaanza kumtikisika. Huyo alikwisha kujua.

Na Melkizedek naye akajua. Nilimwona. Macho yake yalikwenda dirishani kwangu, yakarudi, akalamba midomo. Lakini angesema nini? Angesema "redio", wale kina mama wenye malengelenge wangemwuliza: kumbe redio husema bila waya wa nje? Kumbe Bibiana alipouliza habari za shamba alikuwa amesikia kwa masikio yake? Neno lilikuwa pale kwenye ulimi wake na hakuweza kulitoa.

"Tegua, bwana," mjomba akasema. "Mimi nimetoka mbali."

Melkizedek akajifuta jasho. "Kimenishinda."

"Nipe mji."

"Haya, nakupa Dodoma."

"Dodoma serikali imeshaichukua."

Kicheko tena. "Basi Tabora."

"Tabora sina ndugu."

"Chukua Morogoro."

"Morogoro siitaki."

"Mwanamke, unataka mji gani?"

"Nipe chumba namba sita."

Akaruka. "Hicho si mji!"

"Kwangu ni mji. Una mlango, una jiko, una wenyeji wawili na mjusi. Nipe."

"Mzee Lazaro," akasema, "huu ni mchezo wa watoto."

Mjomba akajipangusa vumbi kwenye magoti, taratibu. "Uliukubali mwenyewe nikiwa nimekaa hapa. Umenipandisha kwenye lori kutoka Mamboya nije kushuhudia. Basi nashuhudia. Mpe."

"Mpe!" akasema mama mmoja nyuma, na mwingine, na mwingine. "Mpe! Mpe!" Waume zao wakawatazama, hawakunyamaza.

"Chukua," akasema Melkizedek.

"Nichukue nini? Sema wasikie."

"Chukua namba sita!"

"Nikaenda namba sita," nikasema, "nikapokewa vizuri, nikala nikashiba, nikakaa nikaona hapana pengine kama pale. Sasa jibu."

Nikaingia peke yangu, nikafunga komeo. Jioni ilikuwa imefika. Nikainua ufito, nikashika nguzo, nikavuta: krrr, krrr. Nje nikamsikia Siwema akipiga kelele, "Ndiyo hiyo! Ndiyo ninayoisikia kila siku!" Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma. Betri ziishe zikitaka.

Mwanamume akaanza kusoma taarifa ya habari. Sauti yake ilijaa chumba, ikatoka dirishani, ikawakuta kwenye mabenchi. Kisha vigelegele.

Uso wa Melkizedek ukatokea kwenye nondo za dirisha. "Waya! Waya uko wapi?"

"Uko ndani. Katazo lako ni la nje."

"Nalibadilisha sasa hivi. Umeufunga wapi?"

"Kitandani."

"Fungua mlango niingie nikaufungue hapo kitandani."

"Bwana," ikasema sauti ya mjomba nyuma yake. Nikapunguza redio kidogo, nisikie. "Rudia. Unataka kuingia wapi?"

"Waya, mzee, ni waya tu..."

"Unataka kuingia chumbani kwa mpwa wangu, mumewe yuko safarini, ukashike kitanda chao cha ndoa. Nimesikia vizuri? Kwetu hilo ni faini ya mbuzi kwa ukoo wa mke, na kwa mume ni neno lingine kabisa. Nimeitwa hapa kwa habari ya mwanamume anayegusa kitanda hicho. Toka nifike, aliyetaka kukigusa ni wewe peke yako."

Sikumwona Melkizedek alivyotoka pale dirishani. Niligeuka kurekebisha ufito, nilipotazama tena nikaona mbingu tu.

Taarifa ikaendelea. Mbolea, barabara, mpira. Nje walikuwa wametulia wanasikiliza, na ilipokwisha mama mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona shamba letu la Mkondoa halikutajwa?" Mjomba alilala kwa Siwema na mumewe, akala wali wao, asubuhi akaniaga. "Umenichosha kwa lori," akasema, lakini safari hii alinishika kichwa.

Jumamosi iliyofuata hakuna jembe lililovuka mto. Melkizedek alipita na koleo lake kutafuta nyaya, akakuta kota nzima inalia krrr, krrr, na kila mlango umefungwa kwa ndani. Wenye vitanda vya chuma walifunga kwenye vitanda. Siwema, ambaye chake kilikuwa cha kamba, alifunga waya kwenye beseni la bati akalizungusha juu ya kabati mpaka likakubali.

Sikusema kwamba mambo yaliishia hapo. Timotheo alirudi katikati ya juma. Maneno ya bombani yalikuwa yamepanda treni ya mizigo, yakamkuta Mikumi anangojea tembo watoke relini, na yale ya kitendawili yalikuwa hayajasafiri. Akasimama mlangoni, taa ya ugadi mkono huu, sanduku mkono huu.

"Nimeambiwa Mikumi chumbani kwangu kuna mwanamume."

"Na umeamini?"

Hakujibu. Kimya hicho ndicho kilichonikata kuliko mabenchi yote ya Melkizedek. Sikumpokea taa, sikumpokea sanduku.

"Basi sikiliza," nikasema. "Mjomba Lazaro aliletwa hapa kwa lori anichukue, na aliondoka peke yake. Chumba hiki nimepewa mbele ya kota nzima. Kitanda kiko katikati ya nyumba na kitakaa hapo, waya uko juu yake na hautoki. Ukitaka mke wa kusimuliwa habari barazani, rudi Mamboya uliponitoa wakutafutie. Mimi nasikiliza mwenyewe."

Akatazama kitanda kilivyosimama kama ng'ombe mlangoni mwa zizi, fito zimesimama juu, waya umetoka kwenye redio ukapanda. Akatazama mikwaruzo ya sakafuni, mingi, kila upande. Uso wake ukabadilika polepole, nami nikamwacha aone aibu mpaka atosheke. Sikumsaidia.

"Sasa mimi nitalala wapi?" akauliza.

"Utalala kikishakamata stesheni."

Saa ya taarifa ilikuwa inakaribia na redio ilikuwa inakwaruza. Akaweka taa chini, akaweka sanduku chini, akavua kofia ya reli.

"Kinaelekezwa wapi?"

"Mlangoni. Shika nguzo ile. Usiinue, vuta."

Akavuta.